UZI: Wanne waliviwinda vifaru vya Mtaliani, jina likabaki moja

#1 Mwana wa Barani (mleta uzi)

Assalam aleikum wadau, na salamu kwa wote. Uzi huu nitaushusha kwa mafungu, maana naandikia simu na kazi yangu haina saa. Natembeza wageni hapa Malindi. Wengi ni Wataliani, na Kitaliano chenyewe nimekiokota ufukweni kama wenzangu, sikukisomea.

Juzi nilikuwa na mzee mmoja wa Kitaliano, mpole, anatembea na mkongojo. Nikamzungusha kama ada: nguzo ya Vasco da Gama, kikanisa cha Wareno, yale makaburi ya mnara pale msikiti wa Juma. Tulipokaa kunywa madafu akaniuliza kama mji huu umewahi kuona vita. Nadhani alitaraji nimtajie Mreno. Nikamwambia mliotupiga mabomu ni nyinyi. Akacheka, akidhani ni mzaha wa biti boi. Nikamtajia tarehe: 24 Oktoba 1940, ndege za Italia zilikuja kuangusha mabomu Malindi hii hii. Akaliweka dafu chini. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza swali ambalo limenikesha siku nne nikisoma: "Na nyinyi mlikuwa na nani wa kuwapigania?"

Jibu la mkato ni Keya. Kwa vijana wasiojua, hiyo ni KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902, maafisa Wazungu, askari watu weusi. Wazee wetu herufi tatu hizo walizipitisha kwenye ulimi wao zikatoka Keya.

Kwetu nyumbani Keya ilikuwa koti. Babu yangu mzaa mama alirudi nalo vitani: zito, la sufu, rangi ya tope, linafika magotini. Kwa joto hili la Malindi nani angelivaa? Bibi alilifanyia kazi yake. Wakati wa kusi, usiku unapopoa, alikuwa akilifunika juu ya sufuria ya unga wa mahamri ili uumuke mpaka alfajiri. Sisi wajukuu tumekua tukijua kwamba koti la Mfalme wa Uingereza linanukia iliki. Vifungo vilikuwa vya shaba, vimechongwa nembo, simba huku na farasi mwenye pembe kule, ila farasi alikuwa amesuguka mpaka amefanana na mbuzi.

Msinielewe vibaya, sikuja kumpamba babu. Yeye alikuwa Paionia, jeshi la majembe. Alichimba barabara, akabeba magunia, na kwa maneno yake mwenyewe hakufyatua risasi hata moja. Nataka kuwasimulia mwingine kabisa, kijana wa miaka 28, askari wa miguu, aliyepewa nishani kubwa kuliko zote za Mwingereza. Naye kwao ni Kenya hii hii. Ila nikifika mwisho mtaona kwa nini nimeanza na koti.

Kuna mgeni ananingoja Casuarina. Nitarudi.

#2 Kimya wa Mambrui

Nimetandika mkeka. Bibi yangu pia alikuwa akitutisha na ndege ya Mtaliani tukikataa kulala. Nilidhani ni zimwi la kubuni tu!

#3 Baharia Mstaafu

Mleta uzi weka nafasi kati ya mafungu, macho yetu wengine ni ya zamani. Endelea.

#4 Mwana wa Barani

Nimerudi.

Tarehe 10 Juni 1940 Mussolini alitangaza vita. Watu wa pwani ramani mnaijua: Somalia ya kusini ilikuwa yake, na mwaka 1925 Mwingereza alikuwa amekwisha mkatia na Jubaland, Kismayu ikiwa ndani. Maana yake ukitoka Lamu ukapita Faza ukafika Kiunga, mbele yako ni Mtaliani. Julai hiyo hiyo Waingereza wakaondoka Moyale usiku, wakamwachia. Oktoba ndiyo zikaja zile ndege za Malindi.

Halafu upepo ukageuka. Februari 1941 jeshi lililokuwa Kenya likavuka kwenda kaskazini: Kismayu ikaangukia mikononi mwao tarehe 14, Mogadishu tarehe 25. Aprili 6 wakaingia Addis Ababa. Mei 5 Haile Selassie akarudi mjini kwake, miaka mitano kamili tangu Wataliani waingie. Hadithi nyingi za vita hivi zinaishia hapo, kwa bendera na tarumbeta.

Lakini kusini mwa Addis, kwenye yale maziwa ya Bonde la Ufa, Wataliani walikuwa bado wapo, wengi, na silaha zao. Kazi ya kuwafuata huko kwenye mvua na tope ilipewa vikosi vya Keya, na kimoja ni 1/6 KAR, yaani batalioni ya kwanza ya Keya ya sita. Kilikuwa kikosi cha Tanganyika. Ndani yake kulikuwa na sajini mmoja wa mota, Nigel Gray Leakey, mzaliwa wa Kiganjo, Nyeri, tarehe 1 Januari 1913, mwana wa mlowezi.

#5 Kimya wa Mambrui

Leakey? Ukoo wa wale wa mafuvu ya Olduvai?

#6 Mwana wa Barani

Ndiyo hao hao, ukoo mmoja na Louis Leakey. Mmoja alifukua watu wa kale, huyu alikufa bila kaburi lake kujulikana. Jina lake limeandikwa tu kwenye ukuta wa kumbukumbu, makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong.

Sasa sikilizeni tarehe 19 Mei 1941. Mahali panaitwa Colito, kwenye mto Billate. Leo mji ule unaitwa Halaba Kulito.

Kompania mbili za 1/6 zimevuka mto kwa taabu, zikichapwa risasi, zikashika kijisehemu cha ng'ambo. Kijisehemu kweli, cha kung'ang'ania kwa kucha. Leakey kazi yake ilikuwa kuwasaidia kwa mota ya inchi 3. Kwa asiyeijua, ni bomba la chuma linalokaa juu ya kitako, likaegemea miguu miwili. Bomu unalidondosha mdomoni kwa mkono, linateleza hadi chini, linagonga, linaruka. Bomu moja ni kilo nne na nusu, kwa hiyo fikirieni watu wa kuyabeba kwenye tope. Leakey alipiga mpaka yakaisha. Mota iliyoishiwa mabomu ni bomba la maji tu.

Hapo ndipo vifaru vilipotokea.

Wataliani walileta vifaru vya aina mbili, vyepesi na vya wastani. Vya wastani walivyokuwa navyo Afrika Mashariki yote vilikuwa M11/39, jumla yake 24 tu. Kifaru hicho kina watu watatu. Mzinga wake wa milimita 37 umefungwa kwenye kiwiliwili, hauzunguki. Kinachozunguka ni kile kichwa cha juu, nacho kina bombomu mbili (bunduki za rasharasha; hili ndilo neno la wazee, waliziita kwa mlio wake). Kwa vita vya Ulaya kilikuwa kishapitwa na wakati. Lakini askari aliye ng'ambo ya mto na bunduki ya mkononi, hana hata silaha moja ya kutoboa chuma, hajali kama kifaru ni cha kizamani. Kinakuja kumpanda.

Nikimeza chai nitamalizia.

#7 Baharia Mstaafu

Huyu naye anakata kama tamthilia ya redio.

#8 Mwana wa Barani

Haya. Ninayoeleza sasa yametoka kwenye taarifa ya nishani yenyewe, ile iliyochapishwa kwenye gazeti la serikali la London. Nimeisoma mara nyingi mpaka karibu niihifadhi.

Leakey hakuwa na kazi tena pale. Mabomu yameisha, mtu mwingine angelala chini akasubiri amri. Yeye alikimbilia kifaru kilichokuwa kinakuja juu ya kompania yake, akarukia mgongoni. Juu ya chuma, katikati ya risasi, akaung'ang'ania mfuniko wa kichwa mpaka ukafunguka. Akaingiza bastola. Akampiga kamanda, akampiga na mwenzake, akamwacha dereva mzima, kisha Leakey akamlazimisha huyo dereva akiendeshe kifaru mpaka mafichoni.

Hebu tulieni hapo kidogo. Mtu ameteka kifaru kwa bastola. Na akili yake haikuwa kukimbia, alitaka kukigeuza. Alijaribu kuufyatua ule mzinga awapige nao wenyewe. Ukakataa. Hakuufahamu, au uliharibika, taarifa haielezi. Akateremka.

Akapiga kelele. Taarifa imeyaandika maneno yake kwa Kiingereza, na maana yake ni kwamba atawapata kwa miguu. Akakimbia uwanda ulio wazi, risasi na mizinga ya vifaru vilivyobaki ikiufagia.

Na hakuwa peke yake. Taarifa inasema alifuatana na sajini meja Mwafrika na askari wengine wawili. Wanne hao wakaanza kuvinyemelea vifaru kama watu wanaowinda kifaru mwenyewe, yule wa porini. Viwili vya kwanza vikawapita. Cha tatu Leakey akakirukia, akafungua mfuniko, akaua mmoja wa waliomo. Cha nne kilikuwa nyuma, kikamwona. Kikamfyatulia bombomu, kikamwangusha kutoka juu ya mwenzake.

Ndivyo alivyokufa. Kompania haikufutwa ng'ambo ile.

Msalaba wa Victoria ulitangazwa tarehe 15 Novemba 1945. Hesabuni: miaka minne na nusu baadaye, vita vyote vimekwisha hadi Japani. Katika Vita vya Pili Keya ilipata Msalaba huo mmoja tu, wa kwake.

Sasa swali langu. Yule sajini meja ni nani? Wale askari wawili ni nani?

#9 Mwana wa Barani

Naongeza kabla hamjajibu, maana hili limenikaa kooni.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilipita tu, kama mnavyopita nyote. Mara ya tatu nikasimama kwenye maneno "sajini meja". Sajini meja ni cheo cha juu kuliko sajini. Lakini kwenye Keya Mwafrika hata awe na cheo gani alikuwa chini ya Mzungu, sajini Mzungu akimwamrisha sajini meja mweusi mwenye nywele za mvi. Kwa hiyo mkubwa kwa karatasi alikuwa nyuma ya mdogo. Na yule mkubwa alikwenda. Hakuwa na bastola ya afisa. Alimwona huyu kijana anakimbilia vifaru, naye akainuka kutoka pale alipojificha akamfuata, akachukua na wawili.

Jambo jingine. Ile kelele ya "kwa miguu", Leakey alikuwa anamwambia nani? Waliokuwa karibu naye ni askari wa Tanganyika. Lugha ya Keya ilikuwa Kiswahili, Kiswahili cha kambini, kibovu cha kupendeza, wengine wakikiita Ki-Keya. Mzungu asiyekijua hakuwa na la kuwaambia watu wake. Mtu aliyezaliwa Kiganjo angewapigia askari wake kelele za Kiingereza, mauti yako mbele? Mimi sikubali. Naamini maneno ya mwisho ya mwenye Msalaba wa Victoria yalitoka kwa Kiswahili, karani akayatafsiri. Mtu asiniombe ushahidi, haya ni ya kwangu.

#10 Mkuza wa Lango Baya

Mleta uzi nimekusoma vizuri, lakini niruhusu niwe mchungu kidogo. Mimi ni Mgiriama. Unatuandikia Keya kwa koti na iliki. Kwetu Keya ni 1914.

Mwingereza alitaka vijana wa Kigiriama wakawe vibarua na wapagazi wake. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola wakawalisha watu kiapo wasiende. Wakakamatwa Oktoba 1913, wakapelekwa Kisii, wakatoroka. Agosti 1914 Kaya Fungo, makao yetu matakatifu, ikalipuliwa kwa baruti. Hao waliotumwa kuchoma nyumba na kuchukua mbuzi walikuwa nani? Keya hiyo hiyo. Tukatozwa faini, tukaamriwa tuhame kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, tuiache ardhi yenye rutuba. Mama yetu Mekatilili amelala Bungale, si mbali na hapo ulipo.

Kwa hiyo unaponiuliza jina la sajini meja, kwanza nitakuuliza alikuwa anampigania nani.

#11 Mwana wa Barani

Mkuza, sina pa kukukatalia. Babu yangu mwenyewe hakujiunga kwa mapenzi, chifu aliambiwa alete watu akaleta watu. Na ukweli mwingine ni huu: Mwingereza alikuwa na kabila alizoziita za vita, na sisi wa pwani hatukuwamo kwenye orodha yake. Ndiyo maana wengi wetu tulipewa majembe. Sijui nilie au nishukuru.

Lakini alikuwa anampigania nani, hilo nimelifikiria. Kwa dakika ile ng'ambo ya Billate naona alikuwa anawapigania wale waliolala kwenye majani nyuma yake, wa kompania yake. Mfalme alikuwa mbali sana.

#12 Mkuza wa Lango Baya

Jibu la mtembeza watalii hilo, tamu. Ila nimelikubali nusu.

#13 Mdau wa Dar

Wakuu wa Kenya, habari za huko. Nimeingia kwa kuchelewa lakini nina kitu chenu. Hiyo 1/6 KAR ni jeshi letu! Uhuru ulipokuja Desemba 1961 ndiyo iliyogeuka kuwa Tanganyika Rifles, batalioni ya kwanza. Na kambi yao hapa Dar es Salaam mnajua iliitwaje? Colito.

Ndiyo, jina la mahali penu pale pa mto na hivyo vifaru. Kambi ya Colito. Na historia yake nyingine sisi tunaijua zaidi: usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 ndipo maasi ya jeshi yalipoanzia. Askari walitaka mishahara iongezwe na maafisa Waingereza waondoke, maana miaka miwili baada ya uhuru walikuwa bado wanaamrishwa na walewale. Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza, makomando wao wakashuka tarehe 25. Jeshi likavunjwa, likaundwa jipya, JWTZ, Septemba mwaka huohuo.

Kambi ikaja kubadilishwa jina ikaitwa Lugalo, pale Wahehe wa Mkwawa walipomwangamiza Zelewski na kikosi chake cha Wajerumani, 17 Agosti 1891. Leo nipo kwenye daladala napita Lugalo kila siku ya Mungu na sikuwahi kujiuliza jina la kwanza lilitoka wapi. Nilidhani Colito ni jina la Mzungu fulani, mkuu wa kambi.

#14 Mwana wa Barani

Mdau wa Dar, nimesimama nilipokuwa nimekaa. Hili sikulijua kabisa. Yaani wale waliovuka mto na yule sajini meja, jina la mahali pao lilibandikwa getini miaka yote ile, kisha likang'olewa pamoja na maasi.

Na mimi nimefurahi kwamba likabandikwa Lugalo, msinishike vibaya. Ila ona mambo yalivyo: malalamiko ya 1964, Mzungu wa chini kumwamrisha mweusi wa juu, yalikuwepo tayari kwenye ile sentensi moja ya 1941. Ukiisoma taarratibu utayaona.

(Hapo juu ni "taratibu", kidole kimeteleza. Jua linapiga kwenye kioo.)

#15 Baharia Mstaafu

Mimi nimefanya kazi melini miaka thelathini, nimeona majeshi ya kila rangi. Hoja yangu ni fupi. Mnamtafutia Msalaba sajini meja? Mweusi wa Keya alikuwa na nishani zake: DCM, medali ya ushujaa iliyo chini ya Msalaba, ilikuwa na toleo lake maalumu, imeandikwa kabisa jina la King's African Rifles nyuma. Hata medali ya ushujaa ilikuwa na mlango wake wa nyuma.

Na pesa vilevile. Vita vilipokwisha, kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi. Askari mweusi wa cheo kilekile alipata kama theluthi ya Mzungu. Wazee waliobaki hai Kenya walihojiwa mwaka 2019 wakiwa wamepita umri wa miaka tisini, bado wanauliza.

#16 Kimya wa Mambrui

Na mimi nina langu la Nyeri, nimeishi huko kikazi.

Siku hiyo hiyo ya 19 Mei 1941 Leakey anaangushwa Colito, huko kaskazini Amba Alagi Mtaliani alikuwa anasalimu amri. Mkuu wao alikuwa Amedeo, Dyuki wa Aosta, ndiye gavana mkuu wa himaya yao yote. Aliletwa Kenya mfungwa, akafa Nairobi Machi 1942. Amezikwa Nyeri, kwenye kanisa la kumbukumbu la Wataliani. Nimeingia mwenyewe. Ndani kuta zimejaa majina ya askari wao waliokufa, na kati yao wamo hata Waafrika waliowapigania.

Sasa weka pamoja: mkuu wa Wataliani ana kaburi Nyeri lenye kanisa juu yake. Kijana aliyezaliwa Kiganjo, kilomita chache kutoka hapo, mwili wake uko kwenye tope la Billate mahali pasipojulikana.

Na baba yake Leakey, mzee Gray, naye aliuawa na Mau Mau mwaka 1954, walimchukua nyumbani kwake upande huohuo wa Nyeri wakamzika mlimani. Ardhi ya pale ina mambo mazito, Mkuza asinikasirikie.

#17 Mkuza wa Lango Baya

Sikukasirikii. Ardhi ndiyo shina la yote, ya Sabaki na ya Nyeri. Mwana wa mlowezi alikuwa shujaa, na shamba la baba yake lilikuwa na wenyewe kabla yake. Yote mawili yanakaa kichwani mwangu bila kugombana.

Ila umenigusa kwenye majina ya Waafrika ukutani kwa Wataliani. Kwamba aliyeshindwa aliwaandika watu wake?

#18 Mwana wa Barani

Hapo ndipo ninapopataka. Waingereza wenyewe walikuja kukiri Aprili 2021. Tume yao ya makaburi ya vita ilitoa ripoti kwamba Waafrika na Waasia kwa maelfu mengi, hasa wa Vita vya Kwanza na hasa wa huku kwetu na Misri, hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa Wazungu. Wakaomba radhi bungeni kwao.

Nikiwa mwanafunzi nilipelekwa Nairobi, nikaiona ile sanamu ya askari iliyoko Barabara ya Kenyatta. Mombasa ipo nyingine, Dar ipo nyingine. Ile ya Nairobi ina maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na ujumbe wake ni kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Niliyasoma kwa sauti mbele ya mwalimu. Nikazunguka sanamu mara mbili nikitafuta hayo majina. Hakuna hata moja.

Leakey jina lake linafaa kukaa pale lilipo, simwonei choyo. Alilipia. Ninachodai mimi ni kidogo sana: taarifa imewahesabu wale watatu. Aliyeiandika alijua walikuwa watu wangapi, alijua mmoja wao ana cheo gani, alijua walikwenda na Leakey kuvinyemelea vifaru. Mtu anayejua yote hayo alikuwa hatua moja tu kutoka kuuliza, "Wewe unaitwa nani?"

Na sajini meja si mtu wa kupotea. Kila asubuhi ndiye aliyekuwa akiita majina ya wenzake kwenye gwaride, moja moja, na kila mtu akiitikia.

#19 Mdau wa Dar

Umeniua na hilo la gwaride.

Ngoja nifanye kitu. Nina ami yangu mkubwa aliyestaafu jeshini, wa zamani kidogo, aliingia miaka ya sabini. Yeye hakuwaona wa 1941 lakini wakufunzi wake walikuwa Keya. Nitamuuliza kama kambini palikuwa na hadithi ya vifaru. Askari wanasimuliana zaidi ya wanavyoandika.

#20 Kimya wa Mambrui

Mleta uzi, yule mzee wa Kitaliano ulimjibu nini mwishowe?

#21 Mwana wa Barani

Siku ile nilimjibu Keya, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo. Nilipomaliza kusoma nilikwenda hotelini kwake nikamsimulia Colito yote, kwa Kitaliano changu cha ufukweni, vifaru nikiviita kwa mikono. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza yule dereva aliyelazimishwa kukiendesha kifaru mafichoni alipona? Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Nikamwambia taarifa haisemi. Akatikisa kichwa, akasema dereva naye atakuwa kijana, na kwamba pengine naye hana jina. Akaagiza kahawa mbili.

Nikaona basi wasio na jina sasa ni wanne.

#22 Baharia Mstaafu

Na wale waliopigwa risasi ndani ya kifaru je? Ukianza kuhesabu hutamaliza, mwanangu.

#23 Mwana wa Barani

Kweli, mzee wangu.

#24 Mdau wa Dar

Ami amejibu kwa ujumbe wa sauti, dakika saba, nusu yake anakohoa. Majina hana. Lakini anasema wakufunzi wa zamani walikuwa na tabia ya kuwaambia kuruta waliochoka, kwa Kiswahili chao kilekile cha kambini: "Kwa miguu! Kwa miguu!" Yeye siku zote alidhani ni kuhusu kutembea tu. Na pengine ni kutembea tu, mimi siwezi kuapa.

#25 Mkuza wa Lango Baya

Nakubali ni kutembea tu. Lakini nimesisimka.

Mwana wa Barani, lile koti liko wapi? Usituambie liliuzwa kwa Mzungu wa vitu vya kale.

#26 Mwana wa Barani

Halikuuzwa. Bibi alipofariki tulilikuta juu ya kabati, panya wamelifanyia harusi. Sufu yote imetoboka, tukalitupa, na leo najuta. Vifungo vilivyobaki tulivikata, awali vilikuwa vitano. Vitatu vimepotea mikononi mwa watoto. Kimoja kiko kwa mama kwenye kopo la sindano.

Cha tano bibi mwenyewe alikwisha kukishona zamani kwenye kaptura yangu ya shule, darasa la tatu, kilipong'oka cha plastiki. Nilikwenda nacho mwaka mzima, simba tumboni. Kaptura ikarithiwa na mdogo wangu, kisha na jirani, na baada ya hapo sijui ilikwenda kwa nani.

Nina wageni saa tisa, wanataka Gede. Nitapitia majibu usiku.